Bandama na Magonjwa ya Kuambukiza: Mambo Yampasayo Mtumiaji wa Dawa Kuyafahamu

Watumiaji wengi wa dawa, wapatapo maumivu chini ya mbavu za kushoto, huenda moja kwa moja katika duka la dawa kuomba kidonge cha kutuliza maumivu. Mara nyingi maumivu hayo huwa ya kawaida. Lakini yakiambatana na homa, yaweza kuwa ishara kwamba sehemu ya bandama imekosa damu na inakufa. Somo hili linaeleza uhusiano wa hali hiyo na magonjwa ya kuambukiza.

1. Kazi ya bandama

Bandama, ambayo pia huitwa wengu, ipo upande wa kushoto wa tumbo, nyuma ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya hulingana na ngumi, na uzito wake ni takribani gramu 150. Huchuja damu kwa kuondoa chembe nyekundu zilizochakaa na kunasa vimelea, na pia hutengeneza kinga ya mwili.

2. Maambukizi yanavyoidhuru bandama

Sehemu ya bandama hufa pale mshipa unaoipelekea damu unapoziba. Maambukizi husababisha jambo hilo kwa njia mbalimbali.

Katika malaria, chembe nyekundu zenye vimelea hunata katika mishipa midogo, huku bandama ikivimba upesi na kuhitaji damu nyingi kuliko inayoifikia. Bakteria nao waweza kushambulia vali za moyo, hasa zilizokwisha kuharibika, na kujenga bonge ambalo kipande chake hukatika, husafiri na damu, kisha huziba mshipa wa bandama. Baadhi ya virusi, kikiwamo cha Epstein-Barr, vimeonekana kuleta madhara kama hayo, ingawa ni kwa nadra.

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Hiyo ni heri, lakini aliyekulia penye malaria kidogo huwa na kinga haba dhidi yake. Katika mkoa jirani wa Tabora, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa takribani asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Hivyo mkazi wa Manyoni, Itigi au Ikungi apatapo homa baada ya kurejea kutoka huko, na amweleze mhudumu wa afya alikotoka.

3. Bandama iliyokufa hufungua mlango wa maambukizi

Uhusiano huu huenda pande zote mbili. Kwa mtoto mwenye selimundu (sikoseli), chembe nyekundu zilizojikunja huziba mishipa ya bandama mara kwa mara, hata kiungo hicho kikasinyaa na kuacha kufanya kazi tangu utotoni. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka.

Mtoto asiye na bandama inayofanya kazi hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wa nimonia na uti wa mgongo, na aweza kufariki ndani ya saa chache tangu homa ianze. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi angalau umri wa miaka mitano. Chanjo ya nimonia, inayotolewa nchini kwa watoto wote katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni kinga ya lazima kwake. Mzazi asiache penisilini kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima.

4. Mtumiaji afanye nini?

(a) Homa ipimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa muda usiofika nusu saa.

(b) Dawa za maumivu hazizibui mshipa wala haziui vimelea. Zikitumiwa kabla ya uchunguzi, huficha dalili na kuchelewesha tiba.

(c) Dawa mseto ya malaria na dawa za kuua bakteria zitumiwe kwa dozi kamili. Usigawane dozi na mgonjwa mwingine, wala usiweke akiba ya vidonge vilivyobaki.

(d) Usikubali tumbo lenye bandama iliyovimba likandwe, libinywe au lichanjwe chale. Bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi na kuvujisha damu ndani ya tumbo. Chale huingiza vimelea vipya.

(e) Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa maumivu ya ubavu wa kushoto yanaambatana na homa, yanapanda hadi bega la kushoto, au mgonjwa anazimia. Mtoto mwenye selimundu apelekwe mara homa inapoanza, iwe mchana au usiku.

(f) Nunua dawa katika duka lenye kibali, soma tarehe ya kwisha muda wake, na omba risiti.

Kumbuka: Wagonjwa wengi ambao sehemu ya bandama yao imekufa hupona bila upasuaji, mradi ugonjwa ulioleta hali hiyo utambuliwe na kutibiwa mapema. Muda unaopotea kwa kubahatisha dawa ndio unaogeuza maumivu yanayotibika kuwa msiba.