Kompyuta ya Zamani Ikiganda, Soma Namba Mbili Kabla ya Kuita Fundi

Ingia stesheneri yoyote karibu na vyuo vikuu vya SUA au Mzumbe, mkoani Morogoro, msimu wa wanafunzi kukabidhi tafiti. Si ajabu kukuta kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine, yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, imefunguliwa kila kitu kwa pamoja: Word ya kurasa mia, PDF tatu, Excel, na kivinjari cha kupokelea kazi za wateja kwa WhatsApp. Kishale kinakwama, taa ya diski haizimi, mteja anatazama saa. Ushauri unaofuata ni ule ule: piga Windows upya. Mara nyingi Windows haina kosa. Mashine imeishiwa memori, na hilo unaweza kulipima mwenyewe bila kulipa mtu. Kwa anayeishi Mgeta au Matombo, ambako kumfuata fundi mjini ni nauli na siku nzima, kipimo hiki kina faida zaidi.

Programu unayoifungua hukaa kwenye RAM. RAM ikibanwa, Windows huchukua vipande visivyotumika kwa wakati huo na kuviandika kwenye faili lililofichwa ndani ya diski C, liitwalo pagefile.sys. Hiyo ndiyo memori pepe, na si uvumbuzi wa juzi. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa nayo mwaka 1962. Kasoro yake ni mwendo. Kipande ambacho RAM hukitoa kwa chini ya sehemu ya milioni moja ya sekunde, diski ya kuzunguka hukitafuta kwa milisekunde kadhaa. Ni kuuza kabichi Soko Kuu la Chifu Kingalu huku akiba yako ikiwa bado Nyandira: mzigo unao, lakini kila mteja angoje gari lishuke mlimani.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuongeza memori pepe kunaongeza kasi. Kazi yake ni kuzuia programu zisianguke.

Fungua kazi zako zote kama siku yenye wateja wengi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likija dirisha dogo, bofya “More details”. Nenda “Performance”, halafu “Memory”, utafute neno “Committed”. Chini yake kuna namba mbili, tuseme 5.1/5.5 GB. Ya kushoto ni memori ambayo programu zako zimekwisha kuahidiwa. Ya kulia ni kikomo, yaani RAM pamoja na hilo faili la diski. Kushoto kukigusa kulia, programu zitaanza kugoma au kujifunga na kazi ikiwa ndani. Hapo kuna sababu ya kuongeza memori pepe. Ukisoma 3.0/8.0, achana na memori pepe, tatizo liko kwingine. Tazama kama “Disk” imeganda kwenye asilimia 100, maana diski inayochoka au programu ya kukagua virusi huleta dalili zile zile.

Kubadili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Fuata “Advanced”, bofya “Settings” iliyo chini ya “Performance”, “Advanced” tena, halafu “Change”. Ukikuta tiki kwenye “Automatically manage”, Windows inajipangia yenyewe, na kwa wengi hilo linatosha. Ukikuta “No paging file”, kuna mtu alilizima akidhani anaipunguzia diski mzigo. Rudisha ile tiki. Ukitaka kupanga mwenyewe, toa tiki, chagua C, kisha “Custom size”. Kwa RAM ya GB 4, anza na 4096 kwenye nafasi zote mbili. Ni megabaiti hizo, usiandike 4. Namba zikilingana, faili halitanuki na kutawanyika vipande vipande kila mashine inapobanwa. Sasa bofya “Set”. Wengi huruka hapa, wakaenda moja kwa moja kwenye OK, na hakuna kilichobadilika. Malizia kwa kuzima na kuwasha upya.

C ikiwa imejaa filamu na picha, hata mpangilio wa kujipangia hukosa pa kutanukia, kwa hiyo anza kwa kufuta. Kulihamishia faili la memori pepe D hakuongezi kasi ikiwa C na D ni diski moja iliyogawanywa. Na umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye memori pepe hakirudi. Ctrl na S bado ndiyo kinga yako.

Namba ya kushoto ikipita ukubwa wa RAM yako kila siku, pesa iende kwenye RAM, au kwenye diski ya SSD ambayo haina kitu cha kuzunguka. Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 za RAM, kwa hiyo angalia kwanza yako ni ya biti ngapi. Halafu chomoa RAM iliyomo uende nayo dukani, kwa sababu RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR2, na ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye laptopu.