MTOTO ANAPOPELEKWA SKULI SIKU YA KWANZA: ADA NA HUKUMU ZAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake yeye aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

SUALA

Mume na mke wenye asili ya Unguja na Oman wanakaa Saint-Josse-ten-Noode, katika mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji. Mtoto wao wa miaka miwili na nusu anaanza skuli. Mke anataka kufanya kama alivyofanyiwa yeye utotoni: kumfukizia mtoto ubani, kumsomea Fatiha na kugawa kashata kwa watoto wa jirani. Mume anasema hayo yote ni bid'a. Bibi wa mtoto, aliyeko Maskati, ameleta hirizi ili mtoto afungwe mkononi. Na siku ilipofika mtoto alilia mlangoni mwa darasa. Baba akamwambia, "Nakaa hapa hapa nje," kisha mtoto alipogeuza uso akaenda zake kazini. Tangu siku ile mtoto hataki kuuachia mkono wa baba yake hata msikitini. Je, lipi katika haya linajuzu, na lipi halijuzu?

JAWABU

Masuala haya ni manne ingawa yameulizwa kama moja, na kila moja lina hukumu yake. Kuyachanganya ndiko kulikowagombanisha mume na mke.

Kwanza: Ada zenyewe

Kumsindikiza mtoto kwenye elimu ni ada ya zamani katika umma huu. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, mtoto alipofikia umri wa kusoma alikogeshwa, akavishwa kanzu na kofia, akashikwa mkono na baba yake au mjomba wake mpaka kwa mwalimu wa chuo. Mzazi alitoa haki ya mwalimu, watoto wa chuo wakagawiwa kashata au bisi, na mwalimu akamwandikia mwanafunzi wake herufi za mwanzo juu ya ubao. Huko Oman furaha kubwa huwekwa mwishoni: mtoto akihitimu Qur-ani hufanyiwa taimina, akazungushwa mtaani pamoja na wenzake, mmoja akisoma dua na wengine wakiitikia "Amin".

Waturuki wa dola ya Othmaniya nao walikuwa na maandamano ya namna hiyo siku mtoto alipoanza kusoma, na waliyapa jina la neno hilo hilo la Amin. Hili linamhusu mkaazi wa Saint-Josse, kwani wengi katika majirani zake ni watu wenye asili ya Uturuki, waliofika Ubelgiji baada ya mapatano ya kazi ya mwaka 1964, na sehemu kubwa yao wametoka wilaya ya Emirdağ. Hata Wajerumani, wanaopakana na Wabelgiji, humpa mtoto siku hiyo karatasi nene iliyokunjwa kama ya muuza njugu, lakini kubwa kiasi cha kukumbatiwa, iliyojaa peremende na vifaa vya kuandikia. Makusudio ya wote hao ni mamoja: mtoto aone kwamba anapelekwa kwenye kheri, wala hatupwi.

Pili: Ada mbele ya sharia

Wanavyuoni wameweka kanuni kwamba ada huzingatiwa katika hukumu, maadamu haikupingana na nassi. Na asili ya mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharimisha. Ama ibada, asili yake ni kuzuiliwa mpaka ipatikane dalili ya kuamrisha. Kwa hivyo ubani ni harufu nzuri, na harufu nzuri inajuzu. Anayeuwasha ili nyumba na nguo zinukie hana lawama. Anayeitakidi kwamba moshi ule wenyewe unazuia jicho na shari, huyo ameingia pasipomfaa. Kashata kwa watoto wa jirani ni sadaka na ni wema kwa jirani, awe Mwislamu au asiwe. Fatiha ni Qur-ani na dua. Kuisoma ni kheri, ila asiitakidi mtu kwamba kuna sunna maalumu ya siku ya kwanza ya skuli, na asimlaumu asiyefanya. Mke, basi, hakukosea katika alilolitaka, na mume amefanya haraka kulitamka neno zito la bid'a.

Tatu: Hirizi

Hirizi iachwe, kwani katika hadithi za Mtume (S.A.W.) mna makatazo ya kutundika hirizi, na moyo wa mtoto usifunzwe kutegemea kilichofungwa mkononi. Badala yake ipo sunna iliyo bora: imepokewa kutoka kwa Ibnu Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaombea wajukuu zake, Hasan na Husein, kinga ya Mwenyezi Mungu. Baba na aweke mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe na amuombee. Ama bibi, asirudishiwe hirizi yake kwa maneno ya ukali. Ni mzee, na alilolikusudia ni mapenzi. Aombwe kwa adabu amuombee mjukuu wake kwa simu asubuhi ile, mtoto akisikia sauti yake. Hapo bibi atakuwa ameshiriki, na itikadi imesalimika.

Nne: Neno lililosemwa mlangoni

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo muulizaji amelitaja mwisho. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba mama yake alimwita, naye mdogo, akimwambia aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.), aliyekuwamo nyumbani mwao, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Mtume akambainishia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Basi ikiwa kumwita mtoto kwa tende isiyokuwapo ni uongo, itakuwaje kumwambia "nakaa hapa" na hali mguu umekwisha kuondoka?

Mume huyu alichelea bid'a katika ubani, akaangukia katika jambo ambalo uharamu wake hauna khitilafu. Wala asiseme kwamba mtoto hajafikia umri wa kupambanua. Mtoto hajui saa, lakini anajua kama baba yake yupo au hayupo. Anayedanganywa siku ya kwanza ya elimu hujifunza somo moja tu siku hiyo, nalo ni kwamba neno la baba si la kutegemewa. Kesho baba huyo huyo atamwambia habari za Mola wake na za Akhera. Mtoto atazisadiki vipi?

Lililo wajibu juu yake ni kutubia kwa Mola wake, na kumwambia mtoto kwa maneno mepesi, "Jana baba alikosea." Kisha aage waziwazi hata mtoto akilia, aahidi analoliweza, kama vile "nitakuja mkisha kula chakula cha mchana", na aje wakati huo huo. Akishindwa kuja mwenyewe kwa sababu ya kazi, aseme mapema nani atakayekuja. Kulia kwa kuagwa hupoa. Kulia kwa kudanganywa hukaa.

Tano: Baada ya siku ya kwanza

Saint-Josse ni wilaya ndogo kuliko zote katika Ubelgiji, eneo lake likizidi kidogo tu kilomita moja ya mraba, lakini ina skuli za Kifaransa na za Kiholanzi. Tangu 2022 skuli za Kifaransa hufungua Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na za Kiholanzi mwanzoni mwa Septemba. Kusoma ni lazima kisharia kuanzia miaka mitano, tangu Septemba 2020. Dini ya Kiislamu ilitambuliwa na dola mwaka 1974, na katika skuli za serikali, kuanzia darasa la kwanza la msingi, mzazi anaweza kumchagulia mwanawe somo la Uislamu. Mzazi asiyejaza karatasi hiyo kwa uvivu asiilaumu skuli.

Wazee wa Unguja walikumbana na jambo kama hili mwanzoni mwa karne ya 20, skuli za serikali zilipoanza. Wengi walizikimbia kwa kuchelea dini ya watoto wao, mpaka Qur-ani ilipopewa nafasi humo. Walijua kwamba skuli haikiondoi chuo. Na Ubelgiji Jumatano watoto hutoka mchana. Saa hizo zinatosha kwa chuo, hata kikiwa ni meza ya jikoni na mama ndiye mwalimu. Sheikh Nuruddin As-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, aliandika kitabu cha Talqin As-Sibyan ili watoto wafunzwe yanayowalazimu, na nyumba ya Kiibadhi haifai kukikosa.

Basi mtoto na awe na siku mbili za kwanza, ya skuli na ya chuo, na kashata igawiwe katika zote mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani baina ya asili ya ada na asili ya ibada?
2. Ni lipi lililo bora badala ya hirizi?
3. Mzazi aliyemdanganya mtoto mlangoni mwa skuli anawajibikiwa na nini?
4. Taja wakati mmoja katika wiki unaoweza kufanywa wa chuo nyumbani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake yeye iko taufiki.