Mvumo katika Maikrofoni za Kondensa za Zamani

Maikrofoni ya zamani ikivuma, watu wengi huihukumu upesi na kuitupa. Lakini mara nyingi kosa halimo ndani yake, bali katika njia ya umeme wake. Basi yatupasa kulitafuta kwa taratibu, tukibadili kitu kimoja tu kila mara, kisha tukisikiliza.

1. Njia ya umeme. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilifanya maikrofoni ya KM 84 itumie umeme wa volti 48, kwa maana redio ya taifa ya Norway ilikuwa na umeme huo tayari kwa taa za dharura. Umeme huu waitwa wa fantomu. Hupita kwa usawa katika pini ya 2 na ya 3, kila moja kwa rezista ya omu 6,800, nao hurudi kwa pini ya 1, iliyoungwa na wavu wa shaba uzungukao nyaya. Mvumo uingiao nyaya zote mbili sawasawa hujifuta. Usawa ukiharibika, husikika.

2. Kupima. Shusha sauti kwanza, ndipo ubadili kebo. Mvumo ukiisha, tazama lehemu za kebo ile, hasa ya pini ya 1. Usipoisha, weka maikrofoni nyingine mahali pale pale. Nayo ikivuma, kosa li katika mikisa au vyombo vilivyoungwa nayo. Isipovuma, rudisha ile ya kwanza, uishike kwa mkono. Mvumo ukibadilika, yamkini wavu wa kichwani haugusani vema na mwili kwa sababu ya kutu. Zima umeme, ngoja kidogo, kisha safisha maungio. Lakini usiguse kiwambo cha ndani, maana ni chembamba mno.

3. Kusikiliza. Umeme wa nchi zetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa mara 50 mara nyingi hutoka nje, kama kebo ikilala karibu na transfoma. Mvumo wa mara 100 mara nyingi hutoka katika kisanduku cha umeme ambacho kapasita zake zimezeeka.

4. Onyo. Wako wakatao waya wa ethi ili mvumo unyamaze. Tusifanye hivyo kamwe: waya ule hulinda uhai wa ashikaye maikrofoni.

Maswali: Kwa nini tubadili kitu kimoja tu? Pini ya 1 ina kazi gani?