SOMO LETU: Barua ya Uteuzi Haiuzwi



Mwaka jana baba mmoja na mwanawe walifika ofisini kwetu. Kijana ni fundi wa umeme, ana diploma na miaka minne ya kazi. Ajenti mmoja mjini alikuwa amewaambia ati barua ya kijana ya kuteuliwa na jimbo la Manitoba, huko Kanada, iko tayari, kilichobaki ni shilingi 400,000 tu. Walikuwa wameshauza ng'ombe wawili na kulipa shilingi 100,000. Sasa walitaka kuuza nusu eka ya shamba. Mama alikuwa amekataa kutia sahihi, nao walikuja kutuomba tumshawishi.

Hatukumshawishi. Tuliwaita wote watatu, tukakaa chini na kusoma mpango huo hatua kwa hatua. Kwa vile familia nyingi zinatuuliza jambo hilo hilo, tumelifanya kuwa somo la toleo hili.

1. Jimbo gani?

Ukisikia "jimbo", pengine utafikiria askofu, au zile siasa zetu za majimbo. Hapa tunazungumza juu ya nchi ya Kanada, yenye majimbo 10 na maeneo 3. Kwa muda mrefu wageni wengi waliohamia huko walikimbilia miji mikubwa kama Toronto, Montreal na Vancouver. Sehemu nyingine zikabaki zikitafuta mafundi, wauguzi na wafanyabiashara. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa kuyaruhusu majimbo yachague watu wanaowahitaji wenyewe. Manitoba ilikuwa kati ya yale ya kwanza. Leo majimbo na maeneo 11 yamo katika mpango huu. Quebec ina utaratibu wake, na Nunavut haina mpango kama huu.

2. Mlango ni mbili

Hapa ndipo watu wengi wanadanganywa. Jimbo linateua tu. Anayetoa kibali cha kuishi huko ni serikali kuu ya Kanada, nayo inachunguza upya afya yako, rekodi yako ya polisi na ukweli wa karatasi zako. Barua ya uteuzi ni kama barua ya chifu: inakufungulia mlango wa ofisi kubwa, lakini yenyewe si kitambulisho.

Tena nafasi zina hesabu. Mwaka 2024 serikali kuu ilipanga kupokea watu 110,000 kupitia mpango huu, pamoja na familia zao. Mwaka 2025 ikapunguza hadi 55,000, yaani nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia nafasi ziko wazi siku zote, ujue anauza maneno.

3. Njia ya wenye ujuzi

Mwombaji huangaliwa elimu, uzoefu wa kazi, umri, lugha, na mara nyingi kama kuna mwajiri wa kweli anayemtaka. Maandalizi yake ni haya:

(a) Mtihani wa Kiingereza au Kifaransa unaotambuliwa, kwa mfano IELTS ya aina ya General. Matokeo hutumika kwa miaka 2 tu, kwa hivyo usiharakishe kuufanya kabla karatasi nyingine hazijakaribia.

(b) Kupima vyeti vya shule na chuo kwa shirika linalokubaliwa na Kanada.

(c) Barua za waajiri zinazoeleza kazi uliyofanya hasa. Cheo peke yake hakitoshi.

(d) Cheti cha tabia njema, uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa, alama za vidole na picha, utakapofika kwa serikali kuu.

Wale wanaopitia njia ya pointi ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 2015, wakiteuliwa na jimbo huongezewa pointi 600. Huo ni msaada mkubwa sana, ndiyo maana barua hii inatamaniwa hivyo.

Wauguzi, angalieni hapa: kukubaliwa kuhama si leseni ya kazi. Leseni hutolewa na baraza la wauguzi la jimbo, na ni shughuli nyingine yenye ada zake. Hata kazi kadhaa za ufundi ziko hivyo.

4. Njia ya wafanyabiashara

Hii si ya mwenye kibanda cha sokoni, tusidanganyane. British Columbia ilipoanzisha njia ya miji midogo mwaka 2019, ilidai mwombaji awe na mali ya dola 300,000 za Kanada na awekeze dola 100,000. Tena ilimbidi kwanza autembelee mji wenyewe na kukubaliwa na viongozi wa pale. Kwa kawaida mfanyabiashara huingia kwa kibali cha muda, anaendesha biashara kama alivyoahidi, na uteuzi huja baadaye.

5. Ni pesa gani zinalipwa?

Ada halali zipo, na hulipwa kwa serikali yenyewe na kwa wanaopima lugha na vyeti. Kuanzia Aprili 2024 ada ya serikali kuu kwa mtu mzima aliyeteuliwa ilikuwa dola 1,525. Jimbo linaweza kuwa na ada yake. Pia waombaji wengi hutakiwa kuonyesha pesa za kuanzia maisha, na pesa za kukopa hazikubaliwi. Usichukue mkopo wa chama ukauweka benki mwezi mmoja ili uonekane una kitu.

Anayekusaidia kwa malipo lazima awe wakili wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji cha huko. Orodha yao iko wazi kwa kila mtu, tafuta jina lake. Nayo Manitoba, tangu mwaka 2009, sheria yake inakataza kumtoza mfanyakazi pesa ili apewe kazi.

Fungua akaunti ya maombi kwa jina lako na usimpe mtu neno la siri. Ajenti akitia cheti cha uongo, ni wewe utakayefungiwa miaka 5.

Sasa, ile familia

Tulimwuliza kijana: "Una jamaa au rafiki Manitoba? Umewahi kusoma au kufanya kazi huko? Jimbo lenyewe limekualika?" Yote hapana. Basi tukawaonyesha kwamba Manitoba inataka waombaji wa ng'ambo wawe na uhusiano wa namna hiyo. Tena hakuwa amefanya mtihani wa lugha hata mmoja. Barua ingetoka wapi? Baba alinyamaza kwa muda, halafu akamwambia mama, "Ulikuwa na haki."

Tuliandamana nao hadi polisi, lakini zile 100,000 hazijarudi, na simu ya ajenti haishiki. Kijana amefanya mtihani mwenyewe. Alama za kuandika zilikuwa chini, anajitayarisha kurudia. Huenda akateuliwa na jimbo fulani, huenda asiteuliwe. Lakini akishindwa, bado ana kazi yake, na nyumbani bado wana shamba.

Hatuwazuii vijana kwenda. Tunasema waende kwa mlango, na familia nzima ijue.

Maswali ya kujadili katika jumuiya au kikundi

1. Kuna nani hapa kwetu aliyelipa ajenti? Aliahidiwa nini, na alipewa risiti?

2. Nani anapaswa kukubali kabla shamba la familia halijauzwa kwa ajili ya safari ya mmoja?

3. Tunawezaje kuwasaidia vijana wetu na ada ya mtihani bila kuuza mali?