Kabla Hujasema "Amekamatwa": Namna ya Kusoma Habari za Pufya katika Mbio za Baiskeli

Tarehe 13 Desemba 2017 magazeti mawili, The Guardian la Uingereza na Le Monde la Ufaransa, yalitoa habari iliyotikisa mchezo wa baiskeli. Mkojo wa Chris Froome uliochukuliwa tarehe 7 Septemba, akiwa kwenye mbio za Vuelta nchini Hispania, ulikutwa na nanogramu 2,000 za salbutamol kwa kila mililita. Kiwango kilichowekwa ni 1,000. Froome ni mzaliwa wa Nairobi. Alinolewa na David Kinjah kule Kikuyu, na hadi mwaka 2008 alikuwa akishindana kwa bendera ya Kenya kabla ya kuhamia ya Uingereza. Wakati habari inatoka alikuwa ameshatwaa Tour de France mara nne, kwa hiyo huku kwetu nako ilisomwa kama habari ya mtu wa nyumbani.

Magazeti yale hayakusema uongo. Yalitaja sampuli, tarehe, dawa na kiwango. Kasoro huanza habari ikishatoka gazetini na kupita simu kwa simu. Salbutamol ni dawa ya pumu, na mwenye pumu anaruhusiwa kuivuta kwa mdomo bila kibali chochote mradi asipitishe kipimo kilichowekwa. Maelezo hayo ni marefu, hayaingii kwenye ujumbe wa mstari mmoja. Kinachobaki ni "Froome kakamatwa na pufya" (dawa za kusisimua misuli), na hilo halikuwa limeamuliwa na mtu yeyote.

Tujue basi neno "kakamatwa" linaanzia wapi. Linaanzia kwenye chumba kidogo karibu na mstari wa kumalizia. Mwendeshaji aliyeteuliwa kupimwa huambiwa mara tu mbio zinapokwisha, na tangu hapo haachwi peke yake hadi akamilishe kazi. Anachagua kikombe mwenyewe kati ya vilivyofungwa. Anakojoa mbele ya macho ya afisa wa jinsia yake, shati limepandishwa, suruali imeshushwa, pasiwe na mahali pa kuficha mpira wala mfuko wa mkojo wa mtu mwingine. Inatakiwa mililita 90 angalau, na mtu aliyetoka kupanda mlima kwa saa tano juani anaweza kukaa hapo akinywa maji hadi giza liingie. Mkojo ukipatikana, anachagua kisanduku chenye chupa mbili za kioo, A na B, analinganisha namba, anamimina kwa mkono wake na kukaza vifuniko vinavyolia kwa kila mzunguko mpaka vigome. Vifuniko hivyo havifunguki tena bila kuvunjwa. Chupa zinakwenda maabara na namba tu. Jina halifiki huko.

Maabara hufungua chupa A. Ikiwa ina kitu kilichopigwa marufuku, kinachofuata ni kuangalia kama mwenye namba ile ana kibali cha matibabu. Asipokuwa nacho huarifiwa, na ana haki ya kutaka chupa B ifunguliwe akiwepo yeye au mwakilishi wake. B isipothibitisha ya A, sampuli hiyo haimfungi tena. Ikithibitisha, yanakuja maelezo yake, kisha shauri, kisha uamuzi, na rufaa inaweza kwenda hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo (CAS) iliyoko Lausanne, Uswisi. Njia nzima inaweza kula miezi, pengine mwaka na zaidi. Kwa hiyo ukisoma habari ya namna hii, swali la kwanza ni moja: imefikia wapi katika njia hiyo?

Mhispania Alberto Contador ni kielelezo kizuri cha urefu wa njia hiyo. Kwenye Tour de France ya 2010, aliyoshinda, alikutwa na clenbuterol picogramu 50 kwa mililita, kiasi kidogo mno. Akasema ilitokana na nyama aliyokula. Februari 2011 shirikisho la nchi yake lilimsafisha, akarudi mbioni na kushinda Giro d'Italia mwaka huo. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA) yakakata rufaa, na Februari 2012 CAS ikamfungia miaka miwili na kumnyang'anya mataji yote mawili. Majaji hawakukubali hadithi ya nyama. Waliona lililokaribia zaidi ukweli ni kirutubisho kilichochanganyika na dawa hiyo. Aliyeacha kufuatilia mwaka 2011 alibaki akiamini Contador hana kosa. Na aliyesikia hukumu tu bila sababu zake anaweza kudhani ilithibitishwa kwamba alikusudia kudanganya, jambo ambalo CAS haikulisema. Kanuni za mchezo zinamtaka mwanamichezo awajibike kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Nia huhesabika zaidi wakati wa kupanga adhabu, na kosa la makusudi la dawa nzito kwa kawaida ni miaka 4.

Yapo pia makosa yasiyotokana na chupa. Mwanamichezo wa ngazi ya juu hutakiwa kutaja kila siku saa moja na mahali atakapopatikana, na akikosekana au kukosea kutoa taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ameshavunja kanuni. Ipo pasipoti ya kibiolojia, iliyoanza kutumiwa na UCI mwaka 2008: damu ya mtu hupimwa mara kwa mara kwa miaka, na wataalamu hutazama mabadiliko yasiyo ya kawaida hata kama hakuna dawa iliyoonekana. Na lipo jambo linalowachanganya hata waandishi. Mwaka 2022 Nairo Quintana wa Kolombia alifutiwa nafasi yake ya sita kwenye Tour de France kwa sababu ya tramadol, dawa ya maumivu. Lakini wakati ule tramadol ilikuwa imekatazwa na kanuni za afya za UCI peke yake. Iliingia kwenye orodha ya WADA mwaka 2024. Quintana alipoteza matokeo, hakufungiwa siku hata moja. Kumwita mla pufya kwa kesi ile ni kumsingizia.

Mtu anaweza kusema: basi tunyamaze mpaka CAS iseme. Hapo sikubaliani, na sababu yangu ni Lance Armstrong. Mmarekani huyu alitwaa Tour de France mara 7 mfululizo, 1999 hadi 2005, na ngao yake kwa waandishi ilikuwa kwamba amepimwa mara nyingi mno na hajakutwa na kitu. Kama ingesubiriwa maabara, angekuwa bingwa hadi leo. Waliomfikia ni watu waliouliza maswali. David Walsh wa The Sunday Times na Mfaransa Pierre Ballester walitoa kitabu mwaka 2004, na shahidi wao mkubwa alikuwa Emma O'Reilly, mkandaji wa timu. Alieleza kwamba mwaka 1999, mikono yake ikiwa mgongoni mwa Armstrong akimkanda, aliwasikia viongozi wa timu wakipanga namna ya kupata cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma ili kuhalalisha dawa iliyoonekana kwenye mkojo.

Armstrong alimshtaki mwanamke huyu. Alilishtaki na The Sunday Times, likalazimika kumlipa mwaka 2006. Agosti 2005 gazeti la L'Équipe lilieleza kwamba mkojo wake wa 1999, uliopimwa upya kwa ajili ya utafiti, ulikuwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Hata hilo halikumwangusha. Ilibidi Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo, USADA, litoe ushahidi wa watu 26, wakiwemo 11 waliokuwa wenzake kwenye timu. UCI ikamfuta mataji yote 7, na Januari 2013 akakiri mbele ya Oprah Winfrey. O'Reilly alikuwa amebeba matusi kwa takribani miaka 9 kwa kusema alichokisikia.

Tofauti ya mwandishi wa kuaminiwa na mchochezi iko hapo. Walsh alikuwa na mtu mwenye jina, aliyekuwemo chumbani, anayeeleza alichokisikia na lini. Kukisia nguvu za mtu kwa kutazama televisheni na saa, kisha kutangaza kwamba hakuna binadamu anayeweza kupanda mlima kwa kasi ile, ni dhana. Inaweza kumpa mwandishi sababu ya kuchimba. Haimpi ruhusa ya kuhukumu. Dhana za namna hiyo zilimzunguka Froome mwaka 2015. Tarehe 18 Julai, wakielekea mji wa Mende, mtazamaji alimrushia kikombe cha mkojo huku akimwita mtumia dawa. Froome aliwalaumu baadhi ya waandishi kwa kuwasha moto huo. Mwaka ule hakukuwa na kipimo chochote kilichomkuta na kosa.

Baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, habari za mchezo huu zitatujia kwa wingi. Zikija za pufya, tazama kitenzi. "Amekutwa na dawa" ni taarifa ya maabara. "Amesimamishwa kwa muda" maana yake shauri linaendelea, na UCI huweka majina ya waliosimamishwa hadharani, hivyo unaweza kuthibitisha mwenyewe. "Amefungiwa" ni hukumu. Tafuta jina la dawa na chombo kilichosema. Habari isiyotaja hata kimojawapo iache ilale kwanza.

Na Froome? Kiasi kilichokutwa kiliporekebishwa kwa kuzingatia ukolezi wa mkojo wa mtu aliyepungukiwa na maji, kilishuka hadi 1,429. Bado kilikuwa juu ya 1,000, lakini tarehe 2 Julai 2018, kwa ushauri wa WADA, UCI ilifunga shauri na kusema hakukuwa na ukiukaji wa kanuni. Siku chache baadaye alizomewa na umati timu zilipotambulishwa kuanza Tour de France. Kama Desemba ile ya 2017 ulimtumia mtu habari ya nanogramu 2,000, mtumie na hii ya Julai.