Jino Hungoja Mwezi

Mwaka huu sikutaka kuandika tena juu ya umuhimu wa elimu. Nimechagua jino. Swali langu ni hili: mtu wa Mfangano akiumwa na jino, huamuaje kwenda kwa daktari au kukaa?

Wengi husema haraka haraka kwamba watu wetu ni waoga au hawajasoma. Mimi sikubali. Angalieni kwanza kazi yetu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, omena hawafuati taa sana, kwa hivyo mashua hupumzika ufuoni, au bichi kama tusemavyo. Basi wakati wa giza mvuvi ana pesa lakini hana nafasi. Wakati wa mbalamwezi nafasi anayo, lakini pesa zimeanza kwisha. Na kwenda Mbita si mchezo: kuna nauli ya boti, kuna chakula, na ziwa likichafuka utalala huko huko. Kwa hivyo jino hungoja.

Baba mdogo alingoja. Gego lake la chini lilikuwa na tundu. Alitia karafuu, akameza vidonge vya dukani. Wiki ya tatu maumivu yakakoma ghafla. Akacheka, "Si niliwaambia? Limepona lenyewe." Hata mimi nilimwamini.

Kumbe sivyo. Tabaka gumu la nje la jino likishatoboka haliwezi kuota tena. Tundu huzidi kuingia ndani mpaka kwenye neva. Neva ikifa, maumivu hupungua, lakini vijidudu haviondoki. Hushuka kwenye mzizi na kufanya usaha ndani ya taya. Na huo ndio wakati mtu anapoamua kuokoa nauli yake!

Nyanya naye alichangia. Yeye hana meno sita ya chini. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa ile desturi ya Waluo iitwayo nago, bila ganzi. Alimwambia Baba mdogo, "Mimi nilitoa sita. Wewe mwanamume walilia moja?" Jamani, nani angepanda boti baada ya maneno hayo?

Mwezi uliofuata shavu lilivimba, uvimbe ukateremka shingoni, akashindwa kumeza hata mate. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya pumzi. Ulikuwa usiku wa giza, mashua zote zimekwenda omena. Mama na mimi tulimshika pale ufuoni tukitazama taa za wavuvi majini, mpaka mwenye boti mmoja aliporudi mapema akakubali kumvusha kwa deni. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na mtu wa meno siku hiyo. Tukaendelea hadi Homa Bay. Alilazwa siku tano, usaha ukatolewa na jino likang'olewa. Pesa alizoweka za nyavu mpya ziliishia huko. Daktari alimwambia kwamba angalikuja mapema, angalirudi nyumbani siku ile ile.

Nyanya hakusema kitu tuliporudi. Alimpikia uji tu.

Siku hizi Baba mdogo akimwona mvuvi ameshika shavu, humwuliza, "Bado linauma?" Akijibiwa limeacha, husema, "Basi twende leo," hata kama ni giza la omena.