SOMO LA 9: MTAMBUE KWELEA KWELEA



Mkoa wa Dodoma ni nchi ya uwele na mtama. Mvua zetu ni chache. Kwa kawaida huanza Desemba na kuisha Aprili. Uwele na mtama huvumilia ukame kuliko mahindi. Lakini mazao haya yana adui mdogo. Adui huyo ni kwelea kwelea.

Kwelea mmoja ana uzito wa kama gramu 20 tu. Kwa siku moja anaweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka. Ni kidogo. Lakini haji peke yake. Tupige hesabu. Ndege 100,000 wakila gramu 10 kila mmoja, watamaliza kilo 1,000 kwa siku. Hayo ni magunia 10 ya kilo 100.

Kwa hiyo ni lazima tumtambue mapema. Tukichelewa, tutavuna mabua. Tena tukimwita kila ndege mdogo kwelea, bwana shamba atasafiri bure. Siku ya hatari yenyewe, huenda asituamini.

Maswali manne ya kumtambua

1. Ana ukubwa gani? Ni mdogo kama shomoro.

2. Mdomo wake ukoje? Ni mfupi, mnene na mwekundu. Mgongo wake una rangi ya udongo na mistari myeusi. Wakati wa kuzaa hubadilika. Madume wengi huwa na uso mweusi. Mdomo wa jike huwa wa njano.

3. Wanaruka vipi? Huruka maelfu kwa maelfu. Kwa mbali utadhani ni moshi. Kundi lote hugeuka mara moja.

4. Wanalala na kuzaa wapi? Hulala pamoja kwenye vichaka vya miiba au matete. Wakati wa kuzaa hujenga viota vingi sana katika miti ya miiba. Mti mmoja huweza kuwa na mamia ya viota.

Alama moja haitoshi. Wapo ndege wengine wenye midomo myekundu. Tafuta majibu ya maswali yote manne.

Hawa si kwelea

Shomoro hukaa karibu na nyumba zetu. Mdomo wake si mwekundu. Hatembei kwa maelfu.

Mnana dume ana manyoya ya njano na uso mweusi. Hufuma kiota kinachoning'inia kwenye tawi, mara nyingi karibu na nyumba. Naye hula nafaka, lakini makundi yake ni madogo kuliko ya kwelea.

Bundi hali nafaka. Watu wengi humwogopa na kumwua. Lakini bundi hula panya wanaomaliza chakula ghalani. Ni mlinzi wa usiku asiyelipwa.

Tufanye nini?

Punje zikiwa changa, zenye maziwa, kwelea huzipenda sana. Wakati huo tembelea shamba alfajiri na jioni. Jioni tazama kundi linaelekea wapi. Huko ndiko linakolala. Kisha chukua kalamu na uandike, kwa mfano:

"Jumanne, saa 12 jioni. Ndege wadogo, midomo myekundu. Kundi kubwa kama moshi. Wamelala kwenye miiba karibu na korongo. Uwele una maziwa."

Peleka maandishi hayo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa bwana shamba au bibi shamba. Wazee wetu waliwajua ndege bila kalamu. Sisi tuna faida zaidi. Habari iliyoandikwa haisahauliki njiani.

Serikali huweza kuleta eropleni kunyunyizia sumu mahali kwelea wanapolala. Bwana shamba hawezi kuielekeza kama hajui mahali hapo. Mahali pakikosewa, kwelea watabaki na ndege wasio na hatia watakufa.

Huko Kondoa wako watu wanaotega kwelea kwa nyavu na mitego, wakawala. Hiyo ni kitoweo. Lakini ndege aliyekufa kwa sumu usimwokote, usimle, wala usimpe mbwa. Waonye watoto.

Zoezi

1. Taja alama tatu za kwelea kwelea.
2. Kwelea 50,000 wakila gramu 10 kila mmoja, watakula kilo ngapi kwa siku?
3. Kwa nini tusimwue bundi?
4. Waulize wazee majina ya ndege watano kwa Kigogo, Kirangi au lugha ya kwenu. Yaandike. Mbele ya kila jina andika ndege huyo anakula nini.
5. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, nani ataangalia ndege mwaka huu uwele ukianza kutoa masuke? Pangeni zamu na muiandike ubaoni.